Mama Ndama

Maji ya kwenye ndoo yalikuwa na joto. Hayakuwa ya moto, la. Yalikuwa vuguvugu, yale maji ambayo mama hutia kiwiko, akaridhika, ndipo akamshusha mtoto. Sasa nani aliyeyapasha? Ndoo ilikuwa imelala nje usiku kucha, chini ya dirisha la jikoni, na asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kutetemesha meno.

Mwenye ndoo alivuta mkono, akaufuta kwenye gauni, akaurudisha tena ndani. Joto lilelile. Akasema moyoni, haya, leo kinyozi kaamua kunisaidia kazi. Maana mumewe alikuwa kinyozi, mtu mwema, lakini kazi za nyumbani alizipisha mbali. Kama kweli alitoka kitandani mapema kwenda kupasha maji, basi hilo lilikuwa jambo la kuwasimulia watu.

Ndani ya ndoo kulikuwa na fuvu la ndama. Usikunje uso, ndiyo kazi yake. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na mwalimu wa biolojia alitaka wanafunzi waone kichwa cha mnyama mchanga, ambacho mifupa yake haijaungana na utosi bado uko wazi. Bomba la maabara lilikuwa limepasuka na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka nalo, basi kazi ikahamia nyumbani. Alikwenda buchani, muuza nyama akampa kichwa kimefungwa kwenye mfuko, wala hakumtazama usoni.

"Huyu hakuchinjwa," muuza nyama alisema. "Tulimkuta tumboni mwa mamake. Siku zake zilikuwa zimetimia, alikuwa wa kutoka leo au kesho. Chukua tu, dada, mimi simtaki hapa."

Na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Nalisema mapema kwa sababu uchungu wote uko hapo. Mimba zake za nyuma zilitoka zote, nyingine kabla hata majirani hawajashtukia. Hii ilikuwa imekaa. Tumbo lilikuwa limetokeza mpaka vifungo vya koti lake jeupe la kazini vimegoma kufunga. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, alikuwa analala kimya akisubiri teke. Akilipata, ndipo anaamka. Asipolipata upesi, anabana pumzi mpaka alipate. Kitu kingine chochote duniani angeweza kukiachia, lakini teke lile, hapana.

Aliingia ndani akamkuta mumewe anakoroma.

"Wewe, asante kwa maji."

"Maji gani?"

"Ya kwenye ndoo. Si umeyapasha?"

Kinyozi alifumbua jicho moja. "Mimi? Niamke na baridi hii nimwogeshe ng'ombe? Mtaalamu, umeota." Kisha akacheka, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. "Labda kajipashia mwenyewe. Ana akili huyo. Si ndiye kifungua mimba wetu? Huyo wa tumboni akija, atamwita kaka."

Naye mkewe akacheka. Angejua.

Tuseme ukweli, mzaha huo ulikuwa umejileta wenyewe. Fuvu likishatoka kwenye maji ya kuozesha nyama, linabaki na mafuta ndani ya mfupa, na mafuta hayo hayatoki kwa nguvu. Unaliweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, unasubiri, unamwaga, unaweka mengine, mpaka siku utakayoona juu ya maji hakuna tena ukungu wa mafuta. Basi kila jioni akirudi kazini alikaa kwenye kigoda, akalitoa, akalisugua kwa mswaki mkuukuu puani, nyuma ya taya, kwenye matundu ya macho, akashikilia utosi kwa kiganja ili mifupa isiachane. Akalisuuza. Akalifuta kwa kitambaa laini. Mtu akipita kwa mbali angeapa anaogesha mtoto.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, hakupenda hata kidogo. "Mimi nimezaa na nimelea," alikuwa akisema mlangoni, pua ameifunika kwa ncha ya mtandio, "lakini sijaona nyumba inayoosha kichwa cha mzoga kwa sabuni ya vyombo. Si ukichemshe mara moja kiishe?"

"Likichemka, mama, mafuta yanazama kwenye mfupa, baadaye linageuka njano. Lazima liende polepole."

"Polepole! Na mimba hiyo! Haya, mimi nimesema."

Kinyozi alikwenda na mzaha wake kazini. Huko ukitia neno asubuhi, jioni limeshazunguka mtaa. Wateja wakaanza kumsalimia "Baba Ndama", na kabla wiki haijaisha wanawake wa mtaani wakawa wanamwita mkewe Mama Ndama. "Mama Ndama, mtoto kaamkaje?" "Mama Ndama, kashaota meno?" Walimtania bila ubaya. Na yeye, tusimfiche, ilimpendeza. Miaka yote aliyokaa mtaa ule, wenzake walikuwa Mama fulani na Mama fulani, yeye akiitwa Maabara, kana kwamba alikuwa chumba. Sasa alikuwa mama wa mtu. Akajifanya anakasirika, lakini akiwa peke yake jikoni alilirudia lile jina kwa sauti ndogo, akatabasamu.

Mchana mmoja wa Jumamosi alikuwa anakunja nguo chumbani. Mume yuko kazini, mama mkwe kasinzia sebuleni. Sauti ikaita kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya mtoto mdogo, yenye deko.

"Mama Ndama!"

"Abee!" aliitika, bila kuinua kichwa. Ndivyo mtu anavyoitika akiitwa jina lake.

"Maji yamepoa."

Alidhani ni mtoto wa jirani anayemchezea. Akatoka anacheka, ananuia kumfinya sikio. Uani hakukuwa na mtu. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa kwa ndani, komeo mahali pake. Kifuniko cha ndoo kilikuwa kimewekwa chini, kimelazwa vizuri, na jiwe lililokuwa juu yake limewekwa kando yake. Alitia kidole majini. Yalikuwa ya baridi sana, na fuvu lilikuwa limegeuka, likitazama mlango wa jikoni.

Akapasha maji. Alijiambia ni kwa ajili ya mafuta.

Kuanzia hapo harufu ya ndoo ikabadilika. Uvundo aliuzoea, hata hakuusikia tena. Hii ilikuwa harufu ya maziwa mabichi, ya kiwele, ya ulimi wa ng'ombe unaolamba kitu kilichoangukia majani sasa hivi. Ilimfuata kazini. Ilikaa kwenye mto wa kulalia. Kinyozi naye akaisikia, akanusa kikwapa chake. Asubuhi sakafu ya jikoni ikawa na majimaji, matone kutoka mlangoni mpaka mlango wa chumba chao, nayo yalikuwa na utelezi wa sabuni.

Lakini hayo yote angeyavumilia. Lililomwingia rohoni ni teke. Lilikuwa linapungua. Mwanzo lilikuja mbio asubuhi, kisha likawa la kusubiriwa, kisha likawa mguso tu, na kila fuvu lilipozidi kutakata ndivyo mtoto alivyozidi kutulia. Alikwenda kliniki, mkunga akaweka kifaa tumboni, akasikiliza muda mrefu.

"Moyo unapiga," alisema. "Ila taratibu. Unapumzika kweli wewe?"

Aliporudi aliamua kumaliza kazi haraka, alitoe fuvu nyumbani. Hatua ya mwisho ni kung'arisha, kwa ile dawa ya kuoshea vidonda, inayotoa povu ikigusa damu. Alivaa glavu, akalilaza fuvu kwenye beseni la plastiki, akamimina. Povu likapanda, jeupe, likichemka kwenye mishono ya utosi na kwenye vitundu vya meno, na yeye akainama kusogeza jino moja la mbele lililolegea, na alipoingiza kidole baina ya taya, akasikia ndani ya lile povu, katikati ya vile viputo vilivyokuwa vikipasuka kimoja baada ya kingine, kitu kinajaribu kutamka, ma, ma, ma, halafu kidole chake kikabanwa, si kwa meno, ila kwa kitu laini chenye joto kisichokuwepo, nacho kikaanza kunyonya.

Alipiga kelele mpaka mama mkwe akatoka mbio bila viatu.

"Nini, mwanangu? Nini?"

"Linaninyonya, mama. Linaninyonya."

Kesho yake alilifunga kwenye mfuko, akalipeleka shuleni jinsi lilivyo, akalifungia kabatini maabara, ufunguo akautia kwenye sidiria. Siku nzima alikaa na wepesi kifuani. Aliporudi nyumbani, mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama mkwe, yuleyule aliyekuwa akifunika pua, alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ya gauni ameikunja, anachota maji kwa kiganja na kuyamwagia taratibu ndani ya ndoo, huku anaimba kwa pua. Mvuke ulikuwa unapanda.

"Ulikuwa wapi?" alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. "Mwanao analia tangu mchana."

Ufunguo ulikuwa bado kifuani. Fuvu lilikuwa ndani ya ndoo, jeupe kabisa, likimtazama.

Ndipo walipomwita mganga. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuja na miwani iliyofungwa kwa uzi na mkoba wa begani, akaomba maji ya kunywa, akakaa uani mbele ya ndoo bila kuigusa. Akauliza maswali machache kama mtu wa kliniki. Nani alianza kumwita mtoto? Kinyozi akainua mkono, macho chini. Nani alimwogesha? Nani aliitika?

"Niliitika mimi," mwanamke alisema. "Nilisema abee."

Mganga alivua miwani. "Jini lililovunja mlango, mimi nalitoa. Nalitisha, nalichoma, linakwenda. Hili halikuvunja kitu. Kiumbe hiki kilifia mlangoni mwa dunia, kikabaki tupu, na hili likaingia humo likisubiri mtu wa kulipokea. Nyinyi mmelizaa kwa mdomo. Mmelipa jina, cheo cha kifungua mimba, na mama. Sasa linadai haki yake, na haki ya mtoto ni mwili. Haliwezi kukaa kwenye mfupa siku zote."

"Linataka mwili gani?" kinyozi aliuliza kwa mnong'ono, ingawa jibu alilijua. Mkewe alikuwa ameshazungusha mikono yake yote miwili tumboni.

"Linatoka kwa mdomo uleule," mganga alisema. "Mama alikane, mara moja, mbele yangu. Lakini nisikilize vizuri, dada. Maneno ya kukana yanafuata mkono. Utalishika fuvu, mikono miwili, mpaka umalize. Usishike tumbo. Hata likuume, hata likuwashe, hata usikie nini humo ndani. Ukilishika tumbo huku unasema maneno yale, utakuwa umemkana aliyemo, na nafasi yake haitakaa wazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Walifanya siku hiyohiyo, jua likiwa juu ya vichwa na vivuli vimekwisha. Kinyozi aligeukia ukuta, hakuweza kutazama. Mama mkwe aliketi jikoni amejifunika uso. Mganga alifumba macho akawa ananong'ona. Mwanamke akakaa kwenye kigoda kilekile, akalitoa fuvu majini, akalishika kwa viganja viwili, na mfupa ulikuwa na joto na ulikuwa unadunda pale utosini, kidogo kidogo, kama unavyodunda utosi wa mtoto mchanga, na matundu ya macho yalikuwa yamejaa maji mpaka ukingoni, na harufu ya maziwa ikampanda kichwani mpaka akasikia kizunguzungu, na mganga akasema "sema", naye akafungua kinywa, akaanza, "Wewe," na wakati huohuo, baada ya siku zote zile za kusubiri kitandani amebana pumzi, teke likaja, kubwa, la furaha, teke la mtoto aliyeamka na kumtafuta mamake, na mkono wake wa kulia, bila yeye kuutuma, kwa mazoea tu ya kila mwanamke mwenye mimba, ukaliacha fuvu ukaenda tumboni, na mdomo ulikuwa umeshatangulia, "si mwanangu. Sikukubeba. Sikujui. Toka."

Kukawa kimya. Fuvu likapoa papo hapo. Maji ya machoni yakamwagika yakamlowesha magoti, na ile harufu ikakatika.

Tumboni pia kukawa kimya.

Mganga alifumbua macho. "Mkono wako ulikuwa wapi?"

Alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Lakini mumewe alikuwa amegeuka anamtazama kwa matumaini mpaka inauma, na kabla hajapata pumzi teke likapiga tena. Lilikuwa na nguvu sana. Likapiga na la pili, na la tatu, kwa mpangilio. Machozi yakamtoka. Akajisemea, si huyu hapa? Si mzima?

"Ulikuwa kwenye fuvu," alisema. "Anacheza. Mtoto anacheza!"

Kinyozi akapiga magoti akaweka sikio tumboni, akacheka na kulia kwa pamoja. Mganga akaitazama mikono ya mwanamke. Kisha akafunga mkoba wake. Aliagiza fuvu lifukiwe chini kabisa, mahali pasipochimbika tena. Kinyozi akamleta fundi mwashi, likazikwa nyuma ya nyumba, na juu yake ikamwagwa sakafu nene ya saruji, ya kufulia nguo.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kiume, mnene, mzuri mpaka wauguzi wakaitana kumwona. Hakulia. Mkunga alimgonga nyayo, akamgonga mgongo. Mtoto akamtazama tu. Alipompapasa kichwani mkono wake ulisita.

"Utosi umeshafunga," alisema. "Mapema hivi?" Kisha akamfunika, akaendelea na kazi.

Mtaa mzima ulifurahi. Kinyozi alinyoa watu bure, akawakataza kabisa lile jina la Mama Ndama, na mizaha akaiacha. Mama alimpakata mwanawe, akamtia titi mdomoni, titi likakauka. Siku zikapita, hakuna tone. Wakamwambia avumilie, yatashuka. Mtoto mwenyewe hakudai. Alinenepa hivyohivyo, bila kunyonya, na mwili wake ulikuwa na joto moja tu asubuhi na jioni, vuguvugu, na ukinusa shingo yake ilinukia sabuni ya vyombo.

"Si huyu," alimwambia mumewe siku moja, kwa sauti ya chini, mtoto akiwatazama wote wawili. "Mume wangu, nilishika tumbo. Nilidanganya."

Kinyozi alimkumbatia. "Pole, mke wangu. Uzazi umekuchosha. Lala kidogo, mimi nitamwangalia." Walipomrudia mganga, walikuta amehama.

Basi mchana mmoja alitoka nyuma ya nyumba na beseni la nguo. Jua lilikuwa utosini. Akamimina maji kwenye ile sakafu ya saruji, akapiga magoti, akaanza kusugua, na chini ya mikono yake, mbali, ndani ya saruji, akasikia kilio. Kilikuwa chembamba, cha mtoto mchanga kabisa, kilio cha kwanza kile ambacho hakukisikia hospitali, kikikatika kwa kukosa pumzi na kuanza tena, na hakikuwa na hasira yoyote, kilikuwa kinamwita tu, na mwili wake ukakijua kabla akili haijakubali, matiti yakajaa ghafla mpaka yakauma, na maziwa yakashuka, yakapenya kwenye gauni, yakaanza kudondoka.

Alikwangua saruji kwa kucha mpaka zikatoa damu. Aligonga kwa jiwe la kusugulia miguu, likavunjikia mkononi mwake. Mwishowe akalala kifudifudi, akafungua kifua, akaweka titi kwenye kiufa kidogo kilichokuwa pale pembeni. Saruji ikanywa. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa kimya cha mtoto aliyepata titi. Alikaa hivyo, shavu limegusa sakafu ya moto, akinong'ona, "Nipo, baba. Mama yupo. Nisamehe."

Ndani ya nyumba kinyozi alikuwa anacheka na mtoto. Mama mkwe alikuwa anaimba kwa pua. Kisha sauti ikaita kutoka dirishani, ndogo, yenye deko.

"Mama Ndama! Maji yamepoa."

Akabana pumzi. Ndani, kicheko cha mumewe kikakatika katikati, na wimbo wa mama mkwe ukakatika, kukawa kimya kabisa, kimya kinachosubiri.

"Mama Ndama."

Akainuka. Akafunga kifua. Chini ya miguu yake kile kilio kikaanza upya.

"Abee," akaitika, akaenda kupasha maji.